Dereva kichwa kimechomoka, konda mzima

Kwanza nieleze hili la majina, bila hilo hamtaelewa kwa nini ukoo mzima wa mke wangu ulilia siku ile.

Pale tunapochezea gofu hapa Arusha tuko wanne, kila Jumamosi asubuhi, na fimbo zetu tumezipa vyeo. Draiva, ile ndefu kuliko zote yenye kichwa kama papai, tunaiita dereva. Wudi namba tatu, fimbo inayoifuata kwa urefu, ni konda, maana dereva akishawapoteza porini konda ndo anawarudisha barabarani. Wudi namba tano ni utingo. Pata, ile ya kusukumia mpira shimoni, tunaiita trafiki, kwa sababu pale ndo hela zinapokutoka. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "leo dereva amelewa" ujue mipira yake inakwenda kwa majirani tu, hakuna gari wala ajali.

Sasa dereva wangu nilimnunua mitumba kwa jamaa mmoja mtandaoni. Kichwa ukubwa wake cc 460, yaani ndo mwisho wa sheria, kikizidi hapo hawakuruhusu kucheza nacho mashindano, na mi mtu wa handikapu 28, yaani bado najifunza, nikaona hapa sasa nimepata silaha. Kumbe shafti, yaani mpini wake, ni ile stifu, isiyopinda kirahisi, ya watu wenye mikono ya kazi, na mi ni mhasibu, kitu kizito ninachonyanyua kwa wiki ni faili. Mpira unatoka vizuri, unapanda, unawaza, halafu unakata kona kulia kama umesahau kufunga mlango nyumbani. Na huku tuko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko ungeupigia Dar. Kwa anayenyoosha ni baraka. Kwangu mimi maana yake unapotelea mbali zaidi.

Ijumaa usiku nikawa naangalia video, mzungu anaeleza kwamba hizi draiva za kisasa zina skrubu pale shingoni, unaifungua, unazungusha ile shingo, unaongeza lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, kidogo na mpira unapunguza kupinda. Yangu ilikuwa digrii 10.5, nikataka iende 12. Ufunguo wake maalumu ukikaza ukifika panapotakiwa unalia "ka!", ndo unajua imetosha. Mi ufunguo sikupewa. Nikashuka kwa fundi simu hapo chini, ana bisibisi za nyota za kila saizi, nikazungusha, nikakaza mpaka mkono ukasema basi. Mkono wa mhasibu, kumbuka.

Kitu kingine mnachotakiwa kujua, hiyo Jumamosi ilikuwa send-off ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kwao Moshi. Na mimi kwenye kamati nilikuwa mwenyekiti wa usafiri. Kosta imekodiwa, dereva na konda wake wanatakiwa kuchukua ukoo upande wa Arusha saa nane mchana. Nikamwahidi mke wangu nacheza mashimo tisa tu, saa tano nipo nyumbani nimeoga. Akaniangalia ile ya "haya".

Shimo la kwanza dereva akanyoosha. Shimo la pili akanyoosha tena, mpaka mzee wetu, ambaye bado anatembea na draiva ya mbao, mbao kweli ya mti, ya enzi zile kabla TaylorMade hawajaleta ya chuma mwaka 1979, akaniuliza umekunywa nini leo. Nikamwambia mzee shikamoo, hii ni sayansi. Sikutakiwa kusema vile.

Shimo la tatu kuna bwawa kushoto. Nikasimika mpira, nikavuta pumzi, nikajizungusha kwa nguvu zote za kilo tisini. Badala ya "paa" nikasikia "kwach!" na mikono ikawa myepesi ghafla kama nimeshika fagio. Mpira ukajikokota hatua kama thelathini ukalala. Kichwa chenyewe kikaruka juu kinazunguka kinameremeta, kikadunda mara moja kwenye majani, kikatumbukia bwawani, chubwi.

Kimya. Halafu kedi wangu, yaani mbeba begi, chalii mmoja mpole sana, akauliza kwa heshima zote, "Bosi, tufuate ipi?"

Sheria yetu ni kwamba mpira usipovuka vijiti vyekundu, pale wanapoanzia akina mama, unanunulia wote soda. Mpira wangu haukuvuka. Nikajitetea kwamba kichwa kimevuka, tena kwa mbali, tukabishana pale dakika tano nzima kundi la nyuma yetu likaanza kupiga miluzi. Wakapiga kura, tatu kwa moja. Soda.

Sasa kwenye simu nina grupu la wazee wa gofu, na juu yake limekaa grupu la send-off. Mi bila miwani, mikono inatetemeka, nikaandika nikatuma: "Wakuu msiba. Dereva kichwa kimechomoka kimetumbukia bwawani. Mwili ninao hapa. Konda mzima hana hata mkwaruzo, namalizia nae. Dogo ameingia majini kutafuta kichwa." Nikaweka na vile vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi. Unajua wazee wetu wale vikatuni wanaona ni vya kulia.

Simu ikarudi begini, sailensi, maana kule simu ikilia unatolewa macho na watu wa mashimo yote. Nikaendelea na konda. Na nawaambieni ukweli, yule konda sikuwahi kumpa heshima yake. Digrii 15, shafti fupi kidogo, unapiga unaona mpira unaenda ulikoutuma, mbali kiasi chake lakini katikati ya barabara. Nikawa nacheza gofu bora ya maisha yangu, naimba kabisa. Wakati huo Moshi watu wanalia.

Shimo la nane yule chalii ananiambia, "Bosi, begi linatetemeka toka shimo la nne, nikajua labda kuna mashine yako humo." Natoa simu, mke wangu anapiga.

"Baba watoto, uko salama?" sauti inakwaruza, inaonekana amelia.

Nikasema moyoni leo mke wangu ameanza kuupenda mchezo, habari imemfikia imemuuma. "Mi salama kabisa, ndo hivyo tu, imeshatokea."

"Na mwili uko wapi?"

"Upo kwenye begi."

"UMEUWEKA KWENYE BEGI?"

"Sasa niushike mkononi mpaka saa ngapi? Unanizuia kupiga."

Kimya kidogo. Nasikia anahema. "Na kichwa?"

"Dogo hajakipata bado, yale maji machafu sana. Ila usihangaike mke wangu, nitanunua kichwa kingine, wapo jamaa wanauza used tena bei nzuri."

Asee, ile kelele iliyopigwa pale hata kundi lililokuwa mashimo mawili mbele waligeuka. Ndo nikaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa. Ilichukua muda. Nikasema draiva, fimbo, FIMBO ya gofu, ile ndefu, ile uliyouliza bei nikakudanganya. Akanyamaza. Kile kimya cha pili, jamani, bora kelele.

Nikafungua grupu. Kumbe bibi harusi mtarajiwa alikuwa saluni, aliposoma akasimama na madawa kichwani. Mama mkwe alifunga kanga kiunoni akaanza, na yule mama akianza anasikika mpaka kijiji cha pili, majirani wakaja mbio. Na kwa kuwa turubai lilishafungwa na viti vimepangwa kwa ajili ya sherehe, msiba ulikuta kila kitu tayari, watu wakakaa tu. Nasikia watoto wa tarumbeta walifika wakasimama nje ya geti hawajui wapige nini. Mbege ikasogezwa pembeni kwa adabu.

Mjomba, ambaye kila grupu yeye ndo mweka hazina hata asipochaguliwa, alishafungua orodha ya rambirambi. Mnajua zile za kunakili na kuongeza jina lako chini. Namba moja mjomba mwenyewe, elfu hamsini, ahadi. Shangazi elfu ishirini, taslimu. Zimefika namba kumi na moja. Namba kumi na moja ilikuwa namba ya simu tu, haina jina: "Mimi elfu kumi. Nimeumia sana, marehemu ni mwenzetu wa barabarani. Mungu ampumzishe."

Nikaiangalia ile namba nikaona naifahamu. Ni dereva wa Kosta. Mimi mwenyewe nilimwingiza kwenye grupu Alhamisi ili apate ramani ya kwa mama mkwe. Jamaa alikuwa kwa mama ntilie anakula chapati, kajichangia kifo chake mwenyewe, tena taslimu.

Nikaandika maelezo marefu kwenye grupu nikaomba radhi kwa ukoo. Jibu la kwanza lilitoka kwa mama mkwe, neno moja tu: "Fimbo?" Hakuandika kingine mpaka leo kwenye lile grupu.

Saa nane Kosta ikafika. Dereva akashuka, akanisalimia, akaniomba amwone marehemu. Nikamtolea shafti begini, akaishika, akaigeuza, akachungulia pale palipochomoka skrubu, akatikisa kichwa akasema hii haikukazwa hii. Konda wake akaongeza, "Yaani mimi ndo nimebaki mzima?" wakacheka mpaka wakakaa kwenye ngazi ya gari. Mke wangu hakucheka. Alikaa kiti cha mbele, mimi akanionyesha kile cha nyuma kabisa pale juu ya tairi, kilometa 80 za kuhesabu matuta.

Kichwa kilipatikana Jumatatu. Chalii alikiopoa pamoja na mipira kumi na tisa, minne yangu. Nikaposti kwenye grupu, safari hii na picha. Na kuhusu rambirambi mjomba alishatoa msimamo, hela ya msiba hairudishwi, ikaliwa kwenye soda za send-off. Ila kwa uadilifu wake akaposti hesabu za mwisho za kamati. Vyakula, kapeti, tarumbeta, na chini kabisa: "Kuopoa kichwa cha dereva, 10,000, alipe mwenyekiti wa usafiri."

Dereva wa Kosta bado yumo kwenye grupu. Kila Jumamosi asubuhi ananitumia ujumbe binafsi, "Kaka, mi mzima leo?"