Pini ya Dhahabu Haiongezi Utamu wa Sauti

Hili la nyaya za spika limenikera, acha niliseme. Ukiingia dukani hapa Lamu unaoneshwa nyaya mbili: mmoja wa pini nyeupe, mwingine wa pini za rangi ya dhahabu, bei mara nne. Muuzaji anakuapia kwamba besi itakuwa nzito na sauti ya mwimbaji itafunguka. Si kweli! Dhahabu hupitisha umeme vizuri, lakini shaba na fedha zaishinda. Sifa yake kubwa ni kwamba haishiki kutu.

Na kwa mji wetu sifa hiyo si ndogo, sikatai. Kusi ikivuma, chumvi ya bahari huingia kila mahali. Juzi baada ya harusi ya binamu yangu nilichomoa waya wa maiki, pini ina utandu wa kijani; kila ukiizungusha, spika zinakwaruza. Nikaisugua kwa kitambaa chenye spiriti, sauti ikarudi safi. Haikuzidi ile ya zamani, ilirudi ilivyokuwa tu.

Kinachoharibu sauti ni mguso mbovu: pini iliyolegea, lehemu iliyopasuka, waya wa ethi uliokatika ndani ukaleta mvumo. Ule wangu wa "dhahabu" niliukwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka. Kuufungua, ndani mna nyuzi chache nyembamba kama nywele, zimeshikizwa kwa tone la lehemu lisilokamata. Nikaurudisha. Nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi.