Nalipia Mvua

Mwenzenu natakiwa kutoa hela ili nikanyeshewe. Someni tena, sijakosea kuandika. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekuwa nafungiwa ndani mawingu yakianza kujikusanya tu upande wa bahari, nimeketi hapa Oslo Jumanne usiku, kadi ya benki mkononi, natafuta nafasi ya kwenda kuloa Bergen, mji mwingine wa hapahapa Norwei, kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili.

Wazo si langu. Kazini kwa Mama Salma kila Jumatatu wanaulizana wikiendi ulikwenda wapi. Huyu alikwenda mlimani, yule alikwenda Copenhagen. Mama Salma miaka minne jibu lake ni moja: tulifua. Safari hii kasema hafui. Nikajitutumua nikataja Hispania, tukatazama bei ya tiketi za watu watatu, tukaifunga simu polepole kama watu waliotoka kuaga maiti. Basi ikabaki Bergen, ambako kila mtu kazini kwake ameshafika na kila aliyefika amerudi na mafua.

Nikauliza simu swali dogo tu: Bergen mvua ikoje? Nilijuta. Mji ule unanyeshewa siku zaidi ya 200 kwa mwaka. Maji yanayoanguka yanapita milimita 2,000, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na Dar mnaijua, ikipiga saa mbili tu Jangwani hapapitiki na daladala zinageuzia njiani. Halafu nikakutana na hii: kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 walinyeshewa siku 85 mfululizo. Nabii Nuhu, kwa hesabu ya Biblia, ni siku 40. Na yeye alikuwa na safina. Mimi nina mwavuli wa Kariakoo.

Nikampa Mama Salma simu asome mwenyewe. Akasoma, akanirudishia.

"Ndiyo maana tunahitaji makoti, Baba Salma."

Sababu ya mvua yenyewe wala si uchawi. Mji umekaa ukingoni mwa bahari, mgongo umeegemea milima, wenyewe wanaihesabu saba. Wingu linatoka Atlantiki limebebeshwa maji kama punda, likifika linakuta mlima umesimama. Kupenya haliwezi, linapanda, likipanda linapoa, likipoa linatua mzigo, juu ya vichwa vya watu. Sisi wa Tanga habari hii tunaijua. Kule Amani, Usambara, shati ukianika Jumatatu unalivaa bichi Ijumaa. Shuka Mombo, upande wa pili wa milima, watu wanakula vumbi. Oslo hapa ndiyo Mombo yao. Tofauti ni kwamba maishani mwangu sijamwona mtu wa Mombo anakata tiketi kwenda Amani kuifuata mvua.

Wala sishangai kusikia kwamba utabiri wa kisasa wa hali ya hewa kwa kiasi kikubwa ulizaliwa hukohuko. Profesa mmoja, Vilhelm Bjerknes, alihamia Bergen mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza bado inarindima Ulaya, na yeye na vijana wake wakaja na nadharia kwamba hewa ya baridi na hewa ya joto hukutana kama majeshi mawili, na pale zinapokabana ndipo hali ya hewa inapochafuka. Hata jina wakaliazima vitani, wakapaita fronti. Ukiishi mji kama ule utafanya nini kingine? Umesimama dirishani mwezi wa tatu huu, unajiuliza hii itakatika lini, mwisho unajikuta profesa.

Usafiri sasa. Ipo ndege, haifiki saa moja. Ipo treni, karibu saa saba. Nikasema ndege, Mama Salma akasema treni, kwa ajili ya mandhari. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1909 na inapanda mpaka mita 1,222 juu ya bahari pale Finse, kituo ambacho hata barabara ya gari hakina. Oktoba hii theluji huko juu inaweza kuwa imeshaanza. Kwa hiyo mapumziko yetu, ukiyapanga vizuri, ni haya: tunatoka kwenye baridi, tunapita kwenye theluji, tunafika kwenye mvua. Na tiketi za bei poa wamekula waliowahi. Sisi tunapanga Jumanne safari ya Ijumaa, utadhani tunakwenda Muheza.

Chumba nilichokipata kwanza kiliandikwa kina mwonekano wa bahari. Nikashuka kwenye maoni ya wageni waliotangulia. Mmoja: chumba safi, bahari hatukuiona. Mwingine: tuliisikia. Picha zote za pale zina jua, naamini zilipigwa siku moja, siku hiyohiyo moja. Tukaishia chumba cha chini kabisa, bafu la kushirikiana na majirani, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu wadogo zangu wanasoma haya na kila mmoja ana ada anayonidai.

Sasa makoti. Hapa tutulie kidogo, maana hapa ndipo nilipoumizwa.

Wanorwei wana msemo, na kwa lugha yao una vina kabisa: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Mara ya kwanza niliusikia kwa bosi, asubuhi niliyochelewa kazini. Nilikuwa nimemwambia, kwa kujiamini kabisa, "Si uliona mvua?" Kwetu sentensi hiyo inatosha. Mwalimu ataielewa, mwajiri ataielewa, hata anayekudai ataondoka mlangoni mwenyewe. Mvua ni udhuru kamili. Hapa nilitazamwa kama mtu aliyesema amechelewa kwa sababu kulikuwa na Jumanne. Salma chekechea wanamtoa nje kwenye mvua hiyohiyo acheze, kavikwa ovaroli ya mpira na mabuti, anarudi ana tope mpaka kwenye nyusi, na walimu wananiambia leo alikuwa na siku nzuri sana. Kati yetu watatu aliyekuwa tayari kwa Bergen ni yeye peke yake.

Dukani kijana akanishikisha koti. Nikatazama lebo: 10,000. Moyo ukanipasuka, nikadhani bei. Akasema hapana, hizo ni milimita, ndiyo nguvu ya kitambaa: ukikisimamishia juu yake bomba lililojaa maji, urefu wake milimita 10,000, ndipo kinapoanza kupenyeza. Nikapiga hesabu kichwani. Mita kumi. Nikamwuliza, "Kijana, sisi tunakwenda Bergen au tunakwenda chini ya Bergen?" Hakucheka. Akaenda stoo akaniletea la 20,000.

Nikashikilia lile la kwanza. Kroner 1,900. Nikajitazama kwenye kioo, manjano tupu, kama boya la bandarini. Mama Salma alivaa la kijani, akazunguka mbele ya kioo, akazunguka tena, na alipozunguka mara ya pili nikajua nimeshalipa. Kisha tukaambiwa ndani lazima sufi, pamba ikiloa haikauki na inakunyonya joto mwilini. Sufi ile inawasha, jamani. Nimejaribu kuivaa nyumbani robo saa, nimejikuna kama mtu aliyelalia upupu. Lebo zote tulizikata usiku uleule, kwa furaha, kwa mkasi wa Salma wa karatasi. Kumbukeni hilo.

Ratiba kaandika Mama Salma nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Jumamosi asubuhi, Bryggen: zile nyumba za mbao za rangi rangi bandarini, zinazotokea kwenye kila picha. Wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hanse, ule umoja wa zamani wa miji ya biashara, walikaa pale karibu miaka 400, biashara yao kubwa ni samaki mkavu. Ng'onda! Mnajiuliza samaki atakaukaje kwenye mvua ile? Hakaukii pale. Anakaushwa Lofoten, mbali kaskazini, kwa upepo na bila chumvi. Bergen ilikuwa dalali. Na kwa udalali huo UNESCO wakapaandika urithi wa dunia mwaka 1979. Pale Deep Sea, Tanga, samaki wanaanikwa kila siku ya Mungu na hajaja mtu hata na kalamu.

Lililonishinda zaidi ni hili: mji huo unaonyeshewa hivyo umeungua. Si mara moja. Mwaka 1702 uliteketea karibu wote, ndiyo maana nyumba za Bryggen tunazokwenda kuziona zilijengwa baada ya hapo, na mwaka 1916 katikati ya mji pakaungua tena. Siku zaidi ya 200 za mvua, na moto ukachagua kati ya zilizobaki! Wale Wajerumani kwa kuogopa moto walikatazwa kuuwasha kwenye nyumba zao za mbao. Kupika na kuota joto walikwenda kwenye vyumba vya pamoja kule nyuma. Yaani nje mvua, ndani barafu, mezani ng'onda. Na watu walikuwa wanatoka Ujerumani kufuata maisha hayo. Nilipomsomea Mama Salma akasema unaona, hata wao walisafiri.

Jumamosi mchana ni kupanda mlima Fløyen kwa kile kitreni cha mlimani kilichoanza mwaka 1918. Kinakufikisha mita 320, unautazama mji mzima kutoka juu. Kazini nina mzee mmoja wa Uvira ameshapanda mara mbili. Mara ya kwanza, anasema, aliona weupe. Mara ya pili aliona weupe na mbuzi. Nikadhani ananitania, kumbe mbuzi wapo kweli, wanafugwa kulekule juu. Kwa hiyo nalipa nauli kwenda kumwona mbuzi ndani ya wingu.

Chakula nimekataa katakata kununua. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na mkahawani ukiagiza supu, kaa chini kabisa kabla hujaletewa bili. Tunabeba chapati, sambusa na chupa ya chai. Wala haya sina, Wanorwei wenyewe, na utajiri wao wote wa mafuta, wanatembea na mkate waliofunga kwenye karatasi mfukoni. Kwenye hili tu ndipo mimi na nchi hii tunaelewana.

Jumatano nikamtumia mama sauti kumuaga, maana sisafiri bila dua yake. Nikamweleza mji, treni, mvua. Kosa langu ni kuutaja umaarufu wa mvua. Jibu lilikuja la dakika tatu. Dakika ya kwanza alikuwa anacheka. Kisha:

"Mwanangu, hebu nielewe. Mnatoa hela mwende kwenye mvua? Basi njoo ulale chumba changu cha uani. Bati limetoboka tangu masika, nimeweka beseni mbili, na mimi sikutozi. Na chai nakupa."

Nyumba nzima tulikaa kimya. Hata Salma aliacha kuruka na mabuti yake kwenye zulia. Nikatuma hela ya bati sita na ya fundi palepale, nikalifuta lile wazo la kula hata bofulo moja Bergen.

Sasa ni Alhamisi usiku. Mabegi yako mlangoni, sambusa zimepoa, makoti yananing'inia kama watu wazima wawili wanaotusubiri. Kilichobaki ni kutazama hali ya hewa kwa mara ya mwisho. Programu yao ya hali ya hewa inaitwa Yr, na yr kwa Kinorwei ni manyunyu; mnaona wenyewe mtu aliyekata tamaa tangu kwenye jina. Nikafungua. Nikafunga. Nikafungua tena.

Jumamosi: jua. Jumapili: jua. Wingu hata la dawa halipo. Nyuzi 13, upepo haba.

Nikamgeuzia Mama Salma simu. Sikuwahi kumwona mtu anahuzunishwa na jua namna ile.

"Jua?" akasema. "Na makoti je?"

Kroner 1,900 mara mbili, lebo kwenye pipa la taka, na pipa lilishachukuliwa Jumatano. Salma kusikia hakuna madimbwi akaanza kulia, mabuti miguuni. Nami sijui nilipatwa na nini, nikajikuta naisogeza ile programu mbele, Jumatatu, Jumanne, natafuta mvua kama mkulima.

Simu ikalia. Sauti ya mama, na nyuma yake naisikia kabisa inavyopiga juu ya bati.

"Hela nimepata mwanangu, Mungu akuzidishie. Bati zimeshaletwa. Ila fundi kasema hapandi mpaka ikatike, na leo siku ya pili haijakatika, nimeongeza beseni la tatu. Nimemsimulia habari zenu. Anauliza hilo koti la mita kumi linauzwaje."