Tokeni Zisitupwe Kapu Moja na Sarafu Bandia

Inaudhi kuona wauza sarafu za kale wakichanganya tokeni za Uingereza za karne ya 18, yaani sarafu za shaba zilizotolewa na kampuni na wafanyabiashara, na nusu peni za kughushi, kisha rundo zima wanaliita feki.

Chukua tokeni ya peni moja ya kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kisiwani Anglesey huko Wales, ya 1787. Ina wakia nzima ya shaba, kama gramu 28. Upande mmoja imeahidi kumlipa aliyeishika; ukingoni imetaja pa kulipwa: London, Liverpool au Anglesey. Nusu peni ya mfalme, yaani sarafu rasmi, haikuwa na ahadi hiyo. Kiwanda cha sarafu za serikali katika Mnara wa London kiliziuza palepale, hakikuzisafirisha mikoani wala kuzirudisha zikizidi.

Na baada ya 1775 kiliacha kabisa kuzipiga, huku viwanda vikihitaji chenji ya mishahara kila wiki. Waghushi wakaingia. Mwaka 1789 Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, alilalamika kwa maandishi kwamba waajiri wananunua bandia za thamani ya shilingi 36 kwa shilingi 20, kisha wanawalipa nazo wafanyakazi. Huo ni wizi wa ujira, na aliyeumia ni yule ambaye mkate wake wote ulinunuliwa kwa shaba.

Kuzitambua nusu peni bandia si kazi ngumu. Anza na mizani: nusu peni halali zilitoka 46 kwa ratili, kila moja karibu gramu 9.9, ukipata 6 au 7, shuku. Iliyosubiwa, yaani iliyomiminwa shaba ya kuyeyuka kwenye kalibu, huwa na vitundu, herufi butu, pengine mstari ukingoni pale kalibu zilipokutana. Iliyopigwa kwa chapa inasumbua zaidi, maana waghushi walichonga chapa yenye kina kidogo ili sarafu itoke kama iliyochakaa. Tazama shavu na nywele za mfalme: uchakavu wa kweli huanza kula palipoinuka, ila chapa hafifu hufifisha kila mahali sawasawa. Soma na maandishi. “GEORGE RULES” (George anatawala) si cheo cha mfalme. Maneno hayo yaliwekwa kukwepa sheria dhidi ya kughushi.

Sawa, miaka ya 1790 zilitokea tokeni nyepesi zisizotaja mlipaji, nyingine za kuuzia wakusanyaji tu. Hizo zitengwe. Lakini ya Parys iandikiwe jina la mtoaji, uzito na maneno ya ukingoni, kwa sababu ukingo ndio mnunuzi hauoni kwenye picha.