Wameuza jina, wafanyakazi je?

Mwandishi, kwenye makala yako umeeleza vizuri jinsi Midway, watengenezaji wa gemu la mapigano la Mortal Kombat, walivyoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Februari 2009, na mwaka huohuo Warner Bros. wakanunua sehemu kubwa ya mali zao kwa takriban dola milioni 33. Ila umepita haraka pale penye nyama.

Huku Kirumba, Mwanza, vijana wanaobanana kwenye benchi la banda la gemu, padi zimezungushiwa gundi ya karatasi na maandishi ya vitufe yamefutika zamani, wanamjua Scorpion, mpiganaji wa gemu hilo, kuliko diwani wao. Waulize Midway ni nani, kimya. Kilichonunuliwa ndicho hicho wanachokijua: wahusika, jina na haki zake.

Mtu wa Mwaloni, soko letu la samaki, hahitaji wakili hapa. Ukinunua mtumbwi wa dagaa unapata injini, nyavu na taa. Wavuvi mnaelewana upya. Ndivyo ilivyokuwa Midway: timu yao ya Chicago ilichukuliwa na Warner, ikaja kuitwa NetherRealm, na 2011 ikatoa Mortal Kombat mpya. Studio ya Newcastle, Uingereza, haikuwemo kwenye dili, ikafungwa. Ya San Diego ilichukuliwa na THQ, kampuni nyingine ya gemu, ambao nao (we acha tu!) walifilisika Desemba 2012.

Kwa hiyo mnaoshangilia kila kampuni ikipata mnunuzi, eti ajira zimepona, mimi simo. Mwandishi, ukirudi na sehemu ya pili tueleze mishahara ya hao waliofungiwa studio inakaa wapi kwenye foleni ya wadai.