Elfu tano ya kujibiwa

Mwezi wa pili nilitaka blenda. Ya zamani ilikuwa imeanza kunuka kama nyaya zinaungua kila nikisaga karanga, na mume wangu alishaapa hataigusa tena. Basi Jumamosi nikapanda daladala kutoka Tabata, nikashuka Kariakoo.

Duka la kwanza tu nikaiona niliyoitaka: nyeusi, jagi la kioo, iko rafu ya juu. Binti wa dukani alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, amechomeka waya sikio moja, anaangalia tamthilia ya Kituruki kwenye simu. Nikamsalimia, akaitikia. Nikauliza bei.

"Tisini na tano."

Macho hayajatoka kwenye simu. Nikamuuliza kama naweza kuijaribu kwenye umeme kwanza. Hapo ndipo akaniinulia uso, akanitazama kuanzia ndala mpaka kilemba, kisha akaniuliza lile swali ambalo kila aliyewahi kununua kitu Kariakoo analijua:

"Unanunua au unauliza?"

Nilikuwa nanunua. Hela ilikuwa kwenye simu, nimeshaitenga tangu Alhamisi. Lakini mdomo ukajibu wenyewe: "Nauliza." Nikatoka.

Usiku, watoto wamelala, nikaingia Instagram. Blenda ileile, picha safi, maua pembeni. Nikaandika "bei?" saa nne na dakika arobaini, nikijua jibu litakuja kesho. Likaja kabla sijaweka simu chini: "Ipo mpendwa, 105,000, nakuletea mpaka mlangoni." Nikamwambia nataka kuiona ikisaga. Baada ya kama dakika kumi akanitumia video: mkono wenye kucha ndefu nyekundu unatumbukiza vipande vya barafu, mashine inanguruma, barafu inageuka unga, na sauti yake nyuma inasema, "Ona mpendwa wangu, hata haijashtuka." Kesho yake kabla ya adhuhuri bodaboda akapiga honi getini. Nikaichomeka, ikazunguka, ndipo nikatuma hela kwenye Lipa Namba.

Nilipokuwa natoa vikorokoro vya ndani ya boksi nikakuta karatasi imejikunja katikati ya kijitabu cha maelekezo. Risiti, tena ya mashine ya EFD, ile ya kodi, jambo ambalo kwa Kariakoo ni habari yenyewe. Jina la duka lilikuwa lile duka la binti wa tamthilia. Bei: shilingi 80,000.

Nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikapiga hesabu. Mimi niliyesimama mbele ya kaunta niliambiwa 95,000. Dada wa Instagram aliuziwa 80,000. Nimelipa 105,000. Ukitoa bodaboda wa kutoka Kariakoo mpaka Tabata, tuseme 5,000, nimelipa 5,000 zaidi ya bei ya dukani. Hiyo elfu tano sikuilipia blenda. Niliilipia kujibiwa, na ningeilipa tena.

Kwa wasioijua Dar, huyu dada ndiye tunayemwita winga. Mawinga wa Kariakoo hawana duka wala stoo, hawana hata msumari wa kutundikia shati. Zamani walisimama Mtaa wa Kongo na Msimbazi, wanakushika mkono: "Dada yangu unatafuta nini, niambie nikupeleke." Anakupeleka kwa mwenye mali, anapiga cha juu, anarudi barabarani kutafuta mwingine. Leo winga amehamia kwenye simu. Maduka ya mtandaoni ninayoyafuata mimi, na ninayafuata mengi kuliko mume wangu anavyodhani, mengi ni ya namna hiyo: picha imepigwa dukani kwa mtu, mali iko dukani kwa mtu, kilicho cha winga ni ulimi na bando.

Ndiyo maana nikisikia mwenye duka analalamika kwamba mtandao unamnyang'anya wateja, huwa najiuliza ni mtandao upi. Ule wenye maghala yake ulishatuaga. Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, wenzetu wa Kenya wakabaki nayo. Sisi tukabaki na ukurasa wa picha, namba ya WhatsApp na bodaboda. Mali yenyewe haijawahi kuondoka Kariakoo.

Malalamiko mengine ya wafanyabiashara nayaelewa. Walifunga maduka Mei 2023 kwa sababu ya kodi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu akaenda kuzungumza nao. Wakafunga tena Juni 2024. Mwaka 2025 wakawalalamikia wageni wanaouza rejareja, na serikali ikatoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara hizo. Yote hayo yana hoja, na mimi si mtu wa kubishana na aliyeamka alfajiri kufungua duka. Ila kwenye orodha yote hiyo sijawahi kusikia hata mmoja akisema: labda na sisi tunawajibu watu vibaya.

Na simlaumu sana yule binti. Anakaa pale tangu asubuhi mpaka jioni, analipwa kile kile niwe nimenunua au nimeuliza. Winga asipouza leo, leo hali. Wewe ukiwekwa kwenye kigoda kile kwa masharti yale, tamthilia ungeiangalia. Tena bosi wake amemkataza kufungua boksi, na ana sababu: boksi likishafunguliwa, mteja wa pili anasema hii imetumika, nipunguzie. Sawa. Lakini unaweka moja ya kuonyeshea juu ya kaunta, imechomekwa, yeyote aje abonyeze. Winga alitumia barafu na dakika kumi. Duka lina umeme, lina blenda zimepangana mpaka darini, limeshindwa.

Nadhani tumeiamini mno ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye maduka wengi bado wanakaa wakisubiri kizuri kijiuze, na anayekitembeza kwenye simu za watu saa nne usiku wanamwona mhuni.

Sasa msije mkadhani nimeolewa na mtandao. Mwaka juzi niliagiza viatu vya shule vya binti yangu kwenye ukurasa uliosema "malipo kwanza". Nikalipa. Vikaja viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Nikapiga picha, nikatuma. Tiki mbili, zikawa za bluu, kisha picha yake ya wasifu ikapotea na simu ikawa haipokelewi. Anwani yake ilikuwa "Dar es Salaam". Nenda kamtafute. Tangu hapo hela yangu inatoka kitu kikiwa mkononi, ingawa najua hiyo ni anasa ya sisi wa mjini. Dada yangu yuko Songea. Yeye analipa yote, mzigo unapakiwa kwenye basi, anatumiwa picha ya stakabadhi na namba ya gari, halafu anaomba Mungu.

Turudi kwenye blenda. Wiki ya tatu jagi likaanza kuvuja kwa chini. Nikamwandikia winga wangu. Hakunikimbia, namsifu kwa hilo. "Pole mpendwa, ngoja niongee na dukani." Siku mbili kimya, kisha: "Wamekataa mpendwa." Nikaamua kwenda mwenyewe, si nina risiti? Binti yuleyule, kigoda kilekile, sijui kama tamthilia ni ileile. Nikaweka jagi na risiti juu ya kaunta. Hakuvigusa. Aliinua kidole tu, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, herufi kubwa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka muuzaji ampe mlaji kitu chenye ubora unaostahili na kinachofanya kazi kilichonunuliwa kuifanya. Jagi lisiloshika maji nadhani tunakubaliana halijafika hapo. Lakini nani atapeleka jagi Tume ya Ushindani? Nilitoka nalo kwapani, nikazunguka kona, nikamkuta fundi ana meza ya vipuri barabarani. Akalifungua, akatoa mpira uliopasuka, akaweka mwingine, akanidai 2,000. Mpira wa elfu mbili. Duka lile linauza blenda hizo kila siku na halina hata kopo moja la mipira ya akiba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini winga wangu alisema "wamekataa" kama mtu aliyeaibika. Yeye angenirudishia nini? Elfu 80 yangu ilishaingia kwenye droo ya duka siku ileile, na duka lina karatasi ukutani. Ukurasa ukikuandikia "no return mpendwa", mara nyingi unainakili karatasi ile. Wale wanaokublokia ni wezi, hao wana habari yao. Lakini wengi waliobaki ni watu walioshikwa katikati: mbele yao mteja anayetaka haki, nyuma yao kigoda na tamthilia.

Kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani kwetu, sijawahi kuona karatasi kama hiyo. Kuna siku alinipa mayai, mawili yakawa yameoza. Nikamtuma mtoto na maganda kwenye mfuko. Mangi hakuuliza risiti, hakufungua hata mfuko. "Mwambie mama Neema pole," akampa mengine mawili. Najua si utakatifu: niko kwenye daftari lake, wakati ule alikuwa ananidai 7,400, na anajua kesho asubuhi nitapita pale kununua mkate. Kariakoo hawatarajii kuniona kesho. Wanafanya biashara kama watu walio stendi ya basi.

Wiki iliyopita pasi imekufa. Sikuhangaika na daladala, nikamwandikia moja kwa moja. "Ipo mpendwa," akajibu, na video juu, shati jeupe linanyooshwa. Nikamuuliza, safari hii unaitoa duka gani? Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Duka zuri mpendwa, wewe nitumie lokesheni."