Mnataka Awekeze, Kisha Mnamuuliza Kwao ni Wapi

Asubuhi ya leo kuna mchumi redioni kanipandisha mori. Eti wafanyabiashara Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, hawana uzalendo, hela zao zina miguu: leo Nairobi, kesho Dubai. Mtangazaji akaangua kicheko.

Hebu tukumbushane zilivyoota hiyo miguu. Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch, ule msako wa polisi wa kusaka magaidi: maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakazolewa, wengine wakafungiwa Kasarani, uwanja wa michezo ukageuka korokoro. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ikafunga hawala 13, yaani kampuni za kutuma pesa wanazozitegemea Wasomali, kwa mkupuo. Naam, zilifunguliwa baada ya miezi miwili hivi. Sasa wewe ambaye mzigo wako uko bandarini na pesa ya kuulipia imekwama, nieleze hiyo miezi unakula nini. Haya, mabomu yalilipuka, watu wakafa, na serikali isingekaa ikitazama tu. Lakini muuza vitambaa alilipua nini?

Rafiki yangu Msomali ana duka la vitambaa Eastleigh, mzaliwa wa Pumwani, Nairobi hapo hapo. Chini ya kaunta ana faili: leseni, karatasi za KRA, wale wa kodi, kitambulisho chake, na nakala ya kitambulisho cha marehemu baba yake. Cha baba! Cha nini? "Huwezi kujua wataulizia kipi." Mwaka wa kura haagizi kontena peke yake, wanachanga watatu, kila mtu na marobota yake, mzigo uishe kabla kampeni hazijapamba moto. Majuzi alipewa nafasi ya duka la pili, kona nzuri ajabu. Akaikataa. Gudwili waliyomdai, ile pesa ya kuachiwa nafasi, ingechukua miaka mitano kurudi, na katikati hapo kuna uchaguzi wa 2027. Vijana wawili ambao angewaajiri, mmoja Mkamba, mwingine Mluhya, bado wanapiga lami. Huyo mchumi hana hesabu yao.

Wahindi wa Kenya, ambao nao huulizwa kwao ni wapi, walitangazwa rasmi kabila la 44 la nchi mwaka 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi. Hongera zao.

Februari 2025 Rais Ruto alitia saini kule Wajir kuondoa ule msasa wa ziada ambao Wasomali na wakazi wengine wa mipakani walipitishwa kabla ya kupewa vitambulisho. Shingo upande nakubali, hapo alifanya la maana. Nilipomwambia rafiki yangu, aliuliza kama askari wa mtaani kwake ameshaisoma hiyo karatasi.