Kodi ya mauzo imfuate mnunuzi, hata anaponunua mtandaoni

Mwaka 2011, nilipokuwa nikiishi Irving, mji ulio ubavuni mwa Dallas katika jimbo la Texas, niliingia katika duka moja la kamera nikakaa humo karibu saa nzima. Muuzaji, mzee mwenye subira, alinitolea kamera tatu kabatini, akanibadilishia lenzi, akanionyesha namna ya kupiga picha penye mwanga hafifu. Niliyoipenda iliuzwa dola 900. Nilimshukuru, nikamwambia ninakwenda kufikiri, nikarudi nyumbani na kuiagiza mtandaoni kwa bei ileile. Tofauti ilikuwa kodi tu: dukani ningelipa asilimia 8.25 juu ya bei, yaani dola 74 na senti 25, na mtandaoni sikudaiwa hata senti moja. Siku ile nilijiona mjanja. Leo ninatetea msimamo kwamba bidhaa inayonunuliwa mtandaoni itozwe kodi ya mauzo sawasawa na ya dukani, nami ninakiri mapema kwamba niliufaidi mwanya ule kabla ya kuulaumu.

Kwa msomaji aliyezoea kodi ya ongezeko la thamani ya kwetu Afrika Mashariki, ambayo kwa kawaida imekwisha kumezwa ndani ya bei iliyobandikwa rafuni, kodi ya mauzo ya Marekani ina tabia ya kushtukiza, kwa kuwa huongezwa unapofika kwa keshia. Serikali ya shirikisho haina kodi ya namna hiyo. Hutozwa na majimbo 45 pamoja na mji mkuu, Washington, kila mmoja kwa kiwango chake, na majimbo matano, Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, hayana kodi hiyo katika ngazi ya jimbo. Pale Irving, katika kila dola 100 unazotumia, dola 6 na senti 25 huenda kwa jimbo, dola moja kwa manispaa, na dola moja kwa DART, shirika linaloendesha mabasi na treni za eneo la Dallas. Treni hiyo niliipanda kila siku kwenda kazini, huku kamera yangu ikiwa haijachangia hata msumari wa reli.

Wanaopinga husema kwamba kuitoza biashara ya mtandaoni ni kumbebesha mwananchi kodi mpya. Si kweli. Kodi hiyo ilikuwepo muda wote, ila mdaiwa alikuwa mnunuzi mwenyewe. Inaitwa kodi ya matumizi: ukinunua kitu nje ya jimbo bila kutozwa, kisha ukakitumia nyumbani, unapaswa kujaza fomu na kupeleka malipo kwa mdhibiti wa fedha wa jimbo. Katika miaka yangu yote Texas sijakutana na mtu wa kawaida aliyewahi kuijaza fomu hiyo, na mimi sikuijaza. Sheria ambayo karibu kila mtu anaivunja bila hata kujua kwamba anaivunja haiwezi kuitwa unafuu kwa mnyonge. Ni uzembe wa ukusanyaji, basi.

Chanzo cha uzembe huo ni Mahakama ya Juu. Mwaka 1967, katika kesi ya National Bellas Hess, kampuni iliyouza nguo kwa katalogi za posta, mahakama iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji akusanye kodi ikiwa hana duka, ghala wala wakala ndani ya mipaka yake. Mwaka 1992, katika kesi ya Quill, kampuni iliyouza vifaa vya ofisi kwa posta, dhidi ya jimbo la North Dakota, msimamo huo ulithibitishwa. Katika enzi ya katalogi hasara ilivumilika. Intaneti ilipoingia, kanuni ile ile iligeuka kuwa punguzo la bei analopewa mfanyabiashara kwa sababu tu ya kukaa mbali na mteja wake.

Texas ilishuhudia kichekesho cha jambo hili kwa macho. Amazon ilikuwa na ghala palepale Irving, jirani na uwanja wa ndege, lakini haikuwa ikitoza wateja wa Texas, kwa hoja kwamba ghala hilo lilikuwa mali ya kampuni tanzu. Mwaka 2010 jimbo liliidai dola milioni 269, na mapema mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kwamba italifunga ghala. Hatimaye walipatana: kuanzia Julai 1, 2012, Amazon ilianza kukusanya kodi, ikaahidi pia ajira 2,500 na uwekezaji wa dola milioni 200. Mwenye duka la kamera hakuwa na ubavu wa kufunga ghala ili aitwe mezani.

Mlango ulifungwa rasmi Juni 21, 2018, katika kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya Wayfair, kampuni inayouza samani mtandaoni, kwa kura tano dhidi ya nne. South Dakota haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo huitegemea sana kodi ya mauzo. Jaji Anthony Kennedy aliandika hukumu iliyoifuta kanuni ya kuwepo kimwili, yaani ile ya kumtaka muuzaji awe na duka, ghala au wakala jimboni kabla ya kulazimishwa kukusanya kodi, akiungwa mkono na majaji wenzake Thomas, Ginsburg, Alito na Gorsuch. Ginsburg, mliberali, na Thomas, mhafidhina, kukaa upande mmoja katika kesi iliyogawa mahakama namna hiyo si jambo la kila siku.

Hata hivyo, hoja nzito kuliko zote imo katika maoni ya walioshindwa, yaliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts. Alikumbusha kwamba nchi ina mamlaka zaidi ya 10,000 za kutoza kodi hii, kila moja na vituko vyake. Kati ya vitamu viwili vya chokoleti, Illinois huihesabu Twix kuwa chakula kwa sababu ina unga wa ngano, na Snickers kuwa peremende. Texas hutoza dawa ya kwapa inayozuia harufu, lakini haitozi inayozuia jasho. Kampuni kubwa hununua programu ya kuyatatua hayo yote. Mama anayetengeneza hereni mezani kwake hana fedha za programu hiyo, na muda wake ni ule anaoiba baada ya watoto kulala.

Hapo ndipo ninapotofautiana na sheria ya awali ya South Dakota, iliyomshika muuzaji yeyote wa nje aliyepitisha mauzo ya dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. Hereni za dola 10 zikiuzwa mara 200 huleta dola 2,000, na kwa kiwango cha wakati ule cha asilimia 4.5, kodi yake ni dola 90. Gharama ya kuandaa hesabu zake inaweza kuizidi kodi yenyewe. South Dakota iliuondoa ukomo wa miamala mwaka 2023. Texas ilikuwa na busara zaidi tangu mwanzo, kwani muuzaji wa nje asiyefikisha mauzo ya dola 500,000 haguswi, na anayefikisha anaweza kuchagua kiwango kimoja cha asilimia 1.75 kwa kodi zote za ngazi ya chini ya jimbo badala ya kukisaka kiwango cha kila mji.

Ipo pia hoja ya umaskini, nayo haipaswi kupuuzwa, maana kodi ya mauzo humuumiza zaidi mwenye kipato kidogo. Lakini msamaha wa mtandaoni ulimfaa mwenye kadi ya benki, kompyuta na anwani ya kudumu, huku anayenunua kwa fedha taslimu duka la mtaani akilipa yote. Tiba ni kusamehe mahitaji yenyewe popote yanaponunuliwa. Texas haitozi unga wala mchele, na tangu Septemba 2023 haitozi nepi.

Kilichobaki ni kazi ya Bunge la Marekani. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha muswada wa kusawazisha jambo hili kwa kura 69 dhidi ya 27, ukafia katika Baraza la Wawakilishi. Ningependa ufufuliwe ukiwa na mambo mawili tu: ukomo wa mauzo kwa dola pekee, usiopungua ule wa Texas, na kiwango kimoja kwa kila jimbo kwa wauzaji wa nje.